Mwanafunzi wa Kemia Mbele ya Kongamano: Mfano wa Floridi katika Maji

Katika vijiji kadhaa vya miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, si ajabu kumkuta mtu mzima mwenye meno ya rangi ya kahawia, ingawa huyapiga mswaki kila siku. Sababu yake haimo katika uchafu bali imo katika maji aliyoyanywa alipokuwa mtoto, wakati meno yake yalipokuwa yakijijenga. Maji hayo yamepita katika miamba ya volkano na kuchukua ioni za floridi. Zikiwa nyingi zaidi, na zikinywewa kwa miaka mingi, ioni hizo huidhuru hata mifupa.

Jambo hili haliihusu Tanzania peke yake. Bonde la Ufa lapita pia Kenya na Ethiopia, na huko nako maji yenye floridi nyingi yanajulikana. Kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayechagua kupima floridi ya kisima kimoja amechagua swali ambalo wenziwe wa nchi jirani wanalo pia. Hiyo ndiyo maana ya kongamano la kanda: matokeo ya mahali pamoja huwekwa kando ya matokeo ya mahali pengine, yakalinganishwa. Lakini hayawezi kulinganishwa iwapo hayakupatikana na kuelezwa kwa utaratibu unaofaa. Makala haya yanaonyesha utaratibu huo hatua kwa hatua.

1. Swali lililo wazi

Kosa la kwanza la wanafunzi wengi ni kuchagua swali pana kupita kiasi. “Uchunguzi wa maji ya Arusha” si swali. “Je, mkaa wa mifupa ya ng’ombe waweza kupunguza floridi ya maji ya kisima hiki hadi chini ya miligramu 1.5 kwa lita?” ni swali, kwa kuwa laweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana baada ya kupima.

Miligramu 1.5 kwa lita ndicho kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Tanzania, kwa ajili ya uhaba wa maji mengine, iliwahi kukubali hadi miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 kikafikia 1.5. Mwanafunzi hana budi kutaja ni kiwango kipi anachokitumia, maana maji yale yale yaweza kuitwa salama kwa kipimo kimoja na hatari kwa kipimo kingine.

2. Namna ya kupima

Chombo kinachotumiwa sana ni elektrodi ya floridi, iliyobuniwa na Frant na Ross, ambao walichapisha habari zake mwaka 1966. Ndani yake mna kipande cha fuwele ya lanthanamu floridi iliyotiwa europiamu kidogo. Volti ya elektrodi hubadilika kadiri ioni za floridi zinavyoongezeka katika maji. Kwa nadharia, katika nyuzi 25 za Selsiasi, floridi ikiongezeka mara 10 volti hushuka kwa milivolti 59 hivi.

Kabla ya kupima, maji huchanganywa na mmumunyo bafa. Kazi zake ni tatu. Kwanza, huishikilia pH kati ya 5 na 5.5. Maji yakiwa na asidi nyingi, floridi huungana na haidrojeni na kujificha; yakiwa na besi nyingi, ioni za haidroksidi huidanganya elektrodi. Pili, huzikamata ioni za aluminiamu na chuma, ambazo zingeifunga floridi isionekane. Tatu, huweka wingi wa ioni zote uwe karibu sawa katika kila sampuli. Mwanafunzi aliyeisahau hatua hii amepima kitu, lakini hajui amepima nini.

3. Hesabu na kosa la kipimo

Ichukuliwe mfano kwamba mmumunyo wa kulinganishia wenye floridi ya miligramu 1 kwa lita umeonyesha milivolti 110, na ule wa miligramu 10 umeonyesha 52. Tofauti ni 58, ambayo ni karibu na ile ya nadharia. Basi elektrodi ni nzima. Maji ya kisima yamepimwa mara tatu, yakaonyesha milivolti 77, 78 na 79. Kwa kipimo cha kati:

logi ya floridi = (110 – 78) ÷ 58 = 0.55

Floridi ni kama miligramu 3.6 kwa lita. Vipimo viwili vingine vyatoa 3.7 na 3.4. Yafaa kutambua kwamba kosa la milivolti 1 tu hubadili jibu kwa asilimia 4 hivi. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika “3.5617” anadai ujuzi ambao chombo chake hakikumpa. Tarakimu mbili zatosha, pamoja na maelezo ya tofauti kati ya marudio.

Jambo hili si la mapambo. Kama kisima kingine kimetoa 1.4, na marudio yanatofautiana kwa 0.2 juu na chini, haifai kutangaza kwamba maji hayo yamo ndani ya kiwango. Watu watakunywa kwa kutegemea neno hilo. Lililo kweli ni kusema kwamba yako karibu na mpaka, na kwamba hayana budi kupimwa tena.

4. Jaribio lenyewe

Mkaa wa mifupa hupatikana kwa kuichoma mifupa mahali penye hewa haba. Mifupa isiyochomwa vya kutosha huyapa maji rangi na harufu mbaya. Iliyochomwa kwa joto kubwa mno hupoteza sehemu ya uwezo wake. Kinachoshika floridi ni haidroksiapataiti, na sehemu kubwa ya kazi yake huelezwa hivi:

Ca10(PO4)6(OH)2 + 2F⁻ → Ca10(PO4)6F2 + 2OH⁻

Tuseme floridi imeshuka kutoka 3.6 hadi 0.9. Punguzo ni asilimia 75. Hata hivyo tarakimu hiyo peke yake haina maana. Hapana budi kutaja uzito wa mkaa, wingi wa maji, muda yaliyokaa pamoja, na ukubwa wa chembe. Aidha, pawe na chombo cha pili chenye maji yale yale bila mkaa, kilichokaa muda ule ule. Bila hicho, msikilizaji aweza kuuliza kama floridi haikupungua kwa sababu nyingine.

5. Mbele ya wasikilizaji

Kwa kawaida mwanafunzi hupewa dakika 10 au 15, au nafasi ya kubandika bango. Muda huo hautoshi kusimulia kila lililotendeka maabarani. Maelezo yafuate mpango huu: swali na sababu yake, njia iliyotumika, grafu moja au jedwali moja lenye matokeo makuu, maana ya matokeo, na mipaka ya kazi. Grafu iandikwe vipimo katika mihimili yote miwili. Jaribio lililoshindwa lisifichwe, kwa kuwa litawaokoa wengine na hasara ile ile.

Baada ya hapo huja maswali, na hapo ndipo kazi hupimwa. Mzee mmoja katika ukumbi aweza kuuliza: “Chujio hili litafanya kazi siku ngapi?” Ikiwa gramu 1 ya mkaa hushika miligramu 2 za floridi, kilo 1 itashika miligramu 2,000. Kila lita huacha miligramu 2.7, basi chujio litasafisha lita 740 hivi. Kwa jamaa itumiayo lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia, hizo ni siku 37. Baada ya hapo maji yatatoka safi machoni, lakini na floridi yake. Mwanafunzi aliyejaribu lita moja tu hawezi kujibu swali hilo, na ndilo swali la mama wa nyumbani.

Mwingine aweza kuuliza kuhusu magadi, ambayo hutiwa katika chakula ili kiive upesi, na ambayo huweza kuwa na floridi nyingi. Mwingine atauliza kama mifupa ni ya mnyama anayekubalika katika dini ya watumiaji. Pale ambapo mwanafunzi hakupima, jibu la heshima ni “Sikulipima hilo.” Jibu hilo halimwaibishi, laweza kuwa mwanzo wa kazi ya mwaka unaofuata.

Walimu nao wakumbuke habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Alipouliza, alichekwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walichapisha makala juu ya jambo hilo. Wanasayansi bado wanabishana juu yake; lakini hakuna anayebisha kwamba swali lile lilistahili kusikilizwa.

Maswali kwa darasa

(a) Kwa kutumia mimumunyo ya kulinganishia iliyotajwa juu, tafuta floridi ya maji yaliyoonyesha milivolti 90.

(b) Chujio lenye kilo 3 za mkaa ule ule litawatosha jamaa wale wale kwa siku ngapi?

(c) Eleza kwa nini sampuli na mimumunyo ya kulinganishia hutiwa bafa kwa kipimo kimoja.

(d) Kila mwanafunzi achague maji ya mahali pake, aandike swali moja linaloweza kujibiwa kwa kupima, kisha alieleze mbele ya wenziwe kwa dakika 5 na kujibu maswali matatu.