Tulishe bambu mbele ya mvua



Wengi wetu tunatia mbolea wakati vichipukizi vya bambu vimekwisha kutoka. Hapo tumechelewa. Bambu haiko kama mti: kichipukizi kikitoka chembamba, kitabaki chembamba mpaka siku ya kukatwa. Unene wake unatayarishwa chini ya udongo, mbele ya mvua.

Hapa Kivu mvua inarudi mwezi wa tisa. Basi kazi tuifanye katikati ya mwezi wa nane:

1. Tukate bambu zilizokauka na zile zilizozeeka. Zile changa tuziache, ndizo zinalisha watoto.

2. Tutie ndoo mbili ao tatu za mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri kuzunguka kila kichaka, bila kugusa mashina. Mbolea mbichi inaunguza.

3. Tufunike na majani yake yenyewe yaliyoanguka. Tusiyachome: yanatunza maji na kurudisha chakula katika udongo.

Mwezi wa pili, mbele ya mvua ya mwezi wa tatu, turudilie na nusu yake. Vichipukizi vikitoka, tusilime karibu, na mbuzi zifungwe.

Bambu nene inajenga nyumba na inauzwa vizuri. Ile nyembamba inabaki ya kushikilia maharagi tu.