Kompresa Kuukuu Ni Mali Yako

Mama mmoja wa Kisauni ameniandikia. Februari, joto la Mombasa likiwa kali, kiyoyozi chake kilikataa kutoa baridi. Fundi alikitazama kidogo, akasema kompresa imeungua. Akalipwa shilingi 38,000, akafunga nyingine, akaondoka na ile ya zamani. Wiki ya tano ikazima. Fundi akipigiwa simu, anasema ni stima.

Kila kaskazi napata barua kama hii, na mtego ni ule ule: kompresa kuukuu ishaondoka, wala hakuna tena awezaye kuthibitisha kama iliungua. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita, kidude cha bei ndogo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza. Mlaghai huing'oa kompresa nzima, akaipaka rangi, akamfungia mteja mwingine. Huo ni wizi, na tuuite hivyo.

Ile kompresa ni mali yako, na fundi hana ruhusa ya kuondoka nayo bila idhini yako. Kabla spana haijashikwa, mwandikishane: nini kimeharibika, kinachofungwa ni kipya au cha mtumba, nambari yake, na makadirio ya bei. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamkataza kukudai zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Akikuambia katikati ya kazi kwamba gesi nayo imeisha, muulize inavujia wapi, kwa maana gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, haiishi kwa kutumika kama petroli.

Risiti zenye muhuri wa "hakuna waranti" zisikutishe. Haki ulizopewa na sheria hiyo hazifutwi kwa muhuri wala kwa sahihi yako. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinakupa huduma yenye ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara.

Lakini sheria yenyewe ina pengo linaloniudhi. Anayetengeneza gari hubanwa na waranti ya siku 90 au kilomita 5,000, imeandikwa kwa tarakimu. Wa kiyoyozi hakuandikiwa hata siku moja. Sehemu kubwa ya sheria hii ilinakiliwa kutoka jimbo la Ontario, Kanada, na Bunge letu halikujisumbua kufikiria nyumba za pwani.

Mama, hujachelewa. Tafuta fundi mwingine akupimie na aandike alichokiona. Kompresa ikiungua kweli huacha asidi mabombani; asiyeyasafisha, asiyebadilisha chujio wala kuvuta hewa kwa pampu, anaiua mpya kwa mkono wake, stima iwe safi au isiwe. Mwandikie yule wa kwanza barua ya madai yenye tarehe, uweke nakala. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo: husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yapaswa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Beba ujumbe wa M-Pesa na ripoti ya fundi wa pili. Na hii kompresa iliyozima sasa, isitoke nyumbani kwako.