KIJANA ALIYEBALEGHE NA SWALI LA "MIMI NI NANI?"

Ndugu Waislamu,

Wengi wetu tulioko Mombasa, Lamu na Malindi tuna watoto au wajukuu wanaokulia Nairobi, katika mitaa ya mashariki ya mji: Pumwani, Eastleigh, Kaloleni, Buruburu. Wajapo likizoni hatuelewi wasemavyo, nasi huwa wepesi wa kusema, "Hawa wamepotea." Somo letu la leo lataka tulipime neno hilo, kwani huenda sisi ndio tuliomwacha mtoto njiani, kisha tukamlaumu kwa kupotea.

Kwanza tuijue hali yenyewe. Mtoto mdogo haulizi yeye ni nani. Huzipokea desturi za wazee wake kama apokeavyo chakula. Akibaleghe, mwili hubadilika na akili hupanuka, naye huanza kuyapima aliyopewa. Erik Erikson, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902, alifundisha kuwa kazi kubwa ya ujana ni hii: mtu kuiunganisha nafsi yake ya jana na ya leo ziwe moja, na wenziwe waitambue. Naye aliyajua hayo kwa kuyaonja. Baba aliyemzaa hakumjua. Shuleni alisutwa kwa Uyahudi wake, na kwa Mayahudi alionekana mgeni kwa nywele zake za rangi ya dhahabu.

Sasa mtazameni kijana wa Pumwani. Mtaa huu uliwekwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920, na Waislamu wenye kusema Kiswahili walikuwa miongoni mwa wakaazi wake wa mwanzo. Babu yake alikuwa na jibu moja: Mwislamu, mtu wa mji. Mjukuu ana majibu yasiyopatana. Nyumbani huambiwa ni mtu wa pwani. Pwani huambiwa ni wa bara. Shuleni huulizwa kabila lake. Barazani kwa vijana wenziwe huulizwa mtaa wake. Ndipo akajitafutia jibu kwa ulimi, akasema Sheng, lugha iliyoota mizizi katika mitaa hiyo. Kaloleni ikawa "Ololo", na mama akawa "mathe". Sisi twaisikia kuwa ni Kiswahili kilichoharibika. Yeye huiona kuwa ni nyumba asimoulizwa babu yake alitoka wapi.

Basi hatari haiko katika ulimi. Hatari ni nani atakayemjibu kwanza. Katika miaka ya 2010 ilidhihirika kuwa wako vijana wa mitaa hii waliovutwa kwenda kupigana Somalia. Wengine huchukuliwa na magenge ya wezi. Wavutaji hao hawafanani, ila wote humwambia kijana neno moja: "Wewe ni mtu, nasi tuna kazi nawe." Neno hilo hakulisikia kwao.

Sheria ya dini humtwika kijana sala, saumu na hesabu ya matendo yake tangu abaleghe. Serikali humwandikia kitambulisho akitimiza miaka 18. Na sisi je? Twamhesabu mtu mzima katika lawama, na mtoto katika heshima. Mtume (s.a.w.) alimfanya Usama bin Zaid amiri wa jeshi, naye ni kijana asiyezidi miaka 20, na chini yake wako masahaba wakubwa. Watu waliponung'unika, Mtume alimtetea. Hakumpa mawaidha tu, alimpa amana.

Basi nasi tuwape amana. Kijana ashike hesabu ya fedha za darsa, asomeshe wadogo, awaulize wazee nasaba ya ukoo, aiandike. Ajapo pwani, aulizwe habari za mtaa wake kabla ya kusahihishwa maneno yake. Na akileta swali la dini lenye shaka, ajibiwe wala asikemewe, kwani swali alilofukuziwa kwetu atalipeleka kwingine.

Maswali ya darsa:
1. Kijana wa nyumbani kwako ana amana gani mkononi mwake leo?
2. Akiulizwa yeye ni nani, atajibu nini, na jibu hilo amelipata kwa nani?

Wabillahi taufiki.