Dondoo muhimu: kodi ikikwama, mlango ukivunjika

Pwani ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia, kodi ya nyumba huenda na samaki. Uvuvi unapofungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, fedha hukauka Kafutuma na wilaya nzima ya Nchelenge. Mpangaji anayeishi kwa samaki amweleze mwenye nyumba mapema, Novemba, si siku ya kudaiwa. Mkikubaliana kulipa kidogo kidogo, andikeni kiasi na tarehe, kisha nyote mtie sahihi.

Sheria ya Kodi ya Pango ya Zambia, Sura ya 206, inamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji kitabu cha kodi. Kidai. Wengi waliotoka ng'ambo ya ziwa, Pweto au Kilwa upande wa Kongo, hulipa mkononi bila karatasi, na hapo ndipo haki yao inapopotelea.

Kuhusu uharibifu, kagueni nyumba pamoja siku ya kuingia na mpige picha: bati, kitasa, sakafu, choo. Rangi iliyofifia na bawaba iliyolegea kwa kutumika ni uchakavu wa kawaida. Kwa maoni yangu si haki kumtoza mpangaji. Kioo alichokivunja mwanao, lipa. Ila omba risiti ya fundi kwanza.

Mwenye nyumba naye asifunge mlango kwa kufuli lake wala kushika jiko, godoro au nyavu za mdaiwa. Kumtoa mtu au kukamata mali yake kwa ajili ya kodi kunahitaji idhini ya mahakama. Kabla ya kufika huko, iteni mzee wa mtaa mnayemwamini nyote wawili, na kitabu cha kodi kiwe mezani.