Pikipiki Haijakununia

Masika yakishaifanya barabara ya kwenda Matombo, Morogoro, iteleze, pikipiki ikizima katikati ya mlima, bodaboda hushuka na kulalamika: "Leo imeamua kunikomoa." Nami nimewahi kusema hivyo, tena kwa maneno mabaya zaidi. Vidokezo vichache kabla hujaipiga teke.

1. Sikiliza lugha yako. Gari "limegoma", simu "imekataa". Anayegoma ana dai lake, karbureta haina. Lakini ndivyo tulivyo. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walionyesha filamu fupi ya pembetatu mbili na kiduara vikienda huku na huko, na karibu watazamaji wote wakasimulia ugomvi na uonevu. Pembetatu, jamani!

2. Jihadhari na sura. Sehemu fulani za ubongo, mojawapo nyuma kidogo juu ya sikio, huchangamka tunapowaza mwenzetu anawaza nini. Utafiti wa mwaka 2008 uliwachezesha watu na kompyuta, roboti mbili na binadamu: kadiri mpinzani alivyofanana na mtu, ndivyo sehemu hizo zilivyochangamka zaidi. Wala Waluguru, wenyeji wa Matombo, hawakusubiri maabara. Kwa lugha yao matombo maana yake ni matiti, na waliyaona kwenye miamba.

3. Yule dada wa "mteja unayempigia hapatikani kwa sasa" hakusikii. Kuna mama nilimsikia akimjibu: "Basi mwambie nimepiga mara tatu."

4. Programu ikikuambia "nakuelewa", pokea jibu, huruma iache. Mwaka 1966 mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum alitangaza ELIZA, programu iliyogeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Kwa hiyo dawa ya shamba lako la pilipili manga uliyotajiwa na programu ya simu, mwonyeshe kwanza bwana shamba.

5. Muige fundi. Haulizi pikipiki ina kinyongo gani. Anafungua plagi, anafuta masizi, anamimina mafuta kidogo kwenye kifuniko na kuyaangalia juani. Yakijitenga tabaka mbili, yana maji, naye anakuuliza ulinunua wapi ile petroli ya chupa. Sasa rudi kwa muuzaji. Huyo ndiye wa kuulizwa alikusudia nini.