Walioteremka Nyikani: Habari za Makazi ya Makueni

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa hupita Malili, penye uwanda mpana wa majani, kaskazini-magharibi ya Makueni. Upande wa mashariki iko milima ya Kilungu na Mbooni, na ng'ambo ya milima hiyo nchi yateremka mpaka nyika ya joto na mvua chache. Leo nyika hiyo ina mashamba, shule na masoko. Lakini mwaka 1940 sehemu yake kubwa ilikuwa haina nyumba. Somo hili laeleza jinsi ilivyopata wenyeji, na kwa nini wenyeji hao walisita kwanza.

Kuhama si jambo geni kwa Wakamba. Mapokeo yao yasema kwamba Mbooni ni maskani yao ya kale, na kwamba baadhi yao walitoka huko wakavuka mto Athi wakakaa Kitui. Desturi ilikuwa wazi. Nyika isiyolimwa, iitwayo weu, ilikuwa malisho ya wote, na wenye ng'ombe walijenga huko maboma ya mifugo, yaitwayo syengo. Mtu wa kwanza kufyeka mahali na kupalima, mahali hapo palikuwa ng'undu yake, yaani ardhi yake mwenyewe, naye aliwarithisha wanawe. Jasho lake lilikuwa ndiyo hati yake.

Serikali ya kikoloni ilipoweka mipaka ya rizavu, nchi nyingine ikahesabiwa kuwa ya Taji au ikawa mashamba ya Wazungu, na njia ya kuhama ikazibwa. Watu na mifugo wakasongamana milimani, na mvua ikachukua udongo. Mwaka 1938 Serikali ilianza kuwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe zao. Maelfu wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka huo haujaisha Serikali iliacha kutumia nguvu.

Shida ya ardhi ilibaki palepale. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaamuliwa kwamba watu wapewe nafasi Makueni. Hapo palikuwa na adui watatu. Wa kwanza ni mbung'o, ambaye huwaambukiza ng'ombe nagana. Mbung'o hupenda kivuli cha vichaka, basi dawa yake ilikuwa kufyeka. Adui wa pili ni faru, waliowashambulia wafyekaji. Kati ya mwaka 1944 na 1946 mwindaji wa Serikali, J. A. Hunter, aliua faru wapatao 1,000 katika nchi hiyo. Hasara ambayo leo yasikitisha, kwa kuwa faru weusi wamebaki wachache mno. Adui wa tatu, ukosefu wa maji, hakuweza kupigwa risasi.

Nchi ilipokuwa tayari, watu hawakuikimbilia. Mambo ya mwaka 1938 yalikuwa hayajasahauliwa, na wengi walishuku kwamba nyika ikiisha kusafishwa itapewa Wazungu. Tena palikuwa na masharti: kila aingiaye achimbe matuta, atunze majani, wala asizidishe mifugo kupita hesabu aliyopewa. Wazee wakauliza swali la haki: mtu afyekaye kwa masharti ya mwingine, je, apata ng'undu, au ni mpangaji tu? Wachache walithubutu. Majirani walipoona mavuno yao, wakafuata.

Mambo kama haya yalitokea Marekani pia. Mwaka 1846 Wamormoni, watu wa dini waliochukiwa na majirani zao, walianza kuondoka Nauvoo, katika Illinois. Mwezi wa Julai 1847 kundi lao la kwanza, likiongozwa na Brigham Young, likafika bonde kavu la Ziwa Kuu la Chumvi. Mara wakageuza maji ya kijito yalainishe udongo upate kulimika. Wakastawi kwa kufanya kazi pamoja. Lakini nchi ile haikuwa tupu: Waute na Washoshoni walikuwa wakiitumia tangu zamani, nao walisukumwa nje. Nyika isiyo na nyumba si lazima iwe haina mwenyewe; na weu ni hivyo hivyo.

Huko Makueni mara nyingi mwanamume alitangulia, akajenga kibanda na kufyeka, kisha jamaa yake ikamfuata. Kazi nzito ilifanywa kwa mwethya, yaani majirani kusaidiana kwa zamu, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Walichimba mitaro wakatupa udongo upande wa juu, ukawa tuta la kuzuia maji. Njia hiyo yaitwa fanya juu. Walipanda mtama, kunde na mbaazi, na tangu miaka ya 1960 mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi, kabla mvua haijakatika. Maji waliyafukua katika mchanga wa mito.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 wengi zaidi waliteremka bila kuitwa na mtu. Mwaka 1932 wilaya yote ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Mwaka 1992 Makueni ikawa wilaya ya peke yake.

Matuta yale yale yaliyochukiwa yalipokuwa amri, watu waliyachimba kwa hiari walipokuwa na hakika kwamba shamba litabaki kwa watoto wao. Hata Malili, ambako mwaka 2009 Serikali ilinunua eka 5,000 za ranchi ili kujenga mji wa Konza, swali la wazee lingali lafaa kuulizwa: aliyetoa jasho lake, atabaki na nini? Jembe hufanya kazi vizuri mkononi mwa mtu asiyeogopa kufukuzwa.