Programu ya Bure ya Kuilinda Kompyuta ya Nyumbani

Swali: Msomaji wa Ijuganyondo, Bukoba, anauliza ni programu gani ya bure inayoweza kuilinda kompyuta ambayo hupokea mafaili kwa flashi kutoka steshenari.

Jibu: Kompyuta yenye Windows 10 au 11 huja na Microsoft Defender, yaani programu ya kuzuia virusi, ambayo hutosha nyumbani mradi isasishwe, kwa kuwa kila sasisho huiongezea uwezo wa kutambua virusi vipya, hivyo si busara kulibania bando hapo. Hata hivyo, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kasoro za mfumo wenyewe hazizibwi na Defender.

Neno “bure” lipimwe kwa makini: mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza Avast, kampuni ya programu za kuzuia virusi, dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Programu mbili za kuzuia virusi zisiwekwe pamoja, maana hugongana na kuielemea mashine.

Hatari kubwa zaidi ni flashi yenyewe, kwani vipo virusi vinavyoficha mafolda halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale, ambazo zikibofywa huviamsha virusi hivyo. Kwa hiyo flashi ichunguzwe na Defender kabla faili lolote halijafunguliwa.